Kiti cha Sentimita Sitini

Mara ya sita hakuinuka. Alikuwa amekunja mikono kifuani kama alivyoelekezwa, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu. Akajikaza, akaachana na kiti kwa upana wa kiganja, kisha akarudi chini puu, kama furushi lililoponyoka mkononi.

Bwana wa mazoezi akabonyeza saa yake. "Nusu dakika imekwisha. Mara tano, mama."

"Hesabu na hiyo ya mwisho."

"Hiyo haikufika."

"Ilikuwa njiani."

Bwana wa mazoezi alicheka, lakini aliandika tano. Alikuwa mtu mnene, tumbo limemtangulia kuingia chumbani, na Mama alikuwa akimtazama tangu mwanzo akijiuliza ni nani aliyemweka mtu wa namna hii kuwafundisha wenzake kusimama na kukaa. Sasa bwana huyo akaipekua fomu iliyojazwa nyumbani, akakunja uso.

"Hapa mmeandika anainuka mara kumi na tatu."

"Ndiyo," alisema mwanawe, aliyekuwa amesimama karibu na mlango. "Nilimhesabia mwenyewe, juzi."

"Kwenye kiti gani?"

Uso wa mwanawe ukang'aa. Alikuwa seremala, na hakuna aliyekuwa amemuuliza swali analolijua tangu walipoanza kuja hospitali. "Nilichomtengenezea mimi. Mbao ngumu, kina mikono pande zote. Nimekipandisha hadi sentimita sitini ili asipate tabu ya kukunja magoti. Anateremka tu kama anashuka kwenye ngazi ya chini."

"Hiki chetu kina arobaini na tano," alisema bwana wa mazoezi. "Na kitanda?"

"Nacho nimekipandisha. Nimekiwekea magogo."

"Chooni?"

"Nimejenga kiti cha juu."

"Maji ya kuoga?"

"Ndoo iko juu ya meza. Haiinamii." Seremala alikuwa ameanza kujibu kama mtu anayeonyesha kazi zake kwa mteja. Alipofika kwenye ndoo sauti ilikuwa imepungua, kama mtu anayeandikisha maelezo polisi.

"Kwa hiyo ni wiki ngapi mama hajakunja magoti?"

"Tangu walipotuambia ana uvimbe. Wiki saba." Akameza mate. "Nilitaka apumzike. Apate nguvu za operesheni."

Mama alitazama magoti yake. Yalikuwa pale pale, chini ya gauni, yale yale aliyokuwa nayo siku zote. Aliyaona kama wafanyakazi waliopewa likizo bila yeye kuulizwa.

Kipimo cha pili kilikuwa cha kutembea. Walimpeleka kwenye korido ndefu, wakaweka koni mbili za plastiki, moja kila mwisho, mita thelathini katikati. Dakika sita, atembee awezavyo, kwenda na kurudi. Korido hiyo Mama aliijua kuliko wote waliokuwemo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa dobi wa hospitali hiyo, akisukuma toroli la mashuka machafu kwenda na la mashuka safi kurudi, hata watu wa mtaani kwao wakamwita Mama Toroli. Alijua kigae kilichopasuka mbele ya chumba cha sindano, na mahali ambapo sakafu inainama kidogo ukielekea dirishani.

Alikwenda mara saba. Kwenye ya saba ukuta ulimjia, akaushika, akasimama akihema. Mhudumu mmoja akaja mbio na kiti cha magurudumu.

"Kaa, bibi, utatuangukia hapa."

"Nimekuomba?"

"Kaa, mama, tafadhali," alisema mwanawe, na mikono yake ilikuwa tayari makwapani mwa Mama. Akakaa. Akasukumwa kwenye korido yake mwenyewe, miguu juu ya kibao, na dobi kijana aliyempokea kazi akapita na toroli, akamwamkia kwa sauti ile watu wanayoitumia wakiwa msibani.

Daktari wa dawa za usingizi alikuwa mwanamke mfupi, asiyezunguka mbuyu. Aliyatazama majibu yote, akavua miwani.

"Uvimbe uko mahali pamoja kwenye utumbo, haujasambaa. Mpasuaji anasema unatoka. Mimi wasiwasi wangu si kisu. Wasiwasi wangu ni siku zitakazofuata. Moyo wako si mbaya, mapafu si mabaya, lakini mwili umelala. Mtu akiingia chumba cha upasuaji hivi, anabaki kitandani muda mrefu, kifua kinajaa, na hapo ndipo tunapowapoteza watu."

"Sasa?"

"Nakupa wiki nne. Utembee kila siku mpaka uheme, lakini uweze kuongea. Usimame na kukaa. Ule mayai, maharage, samaki, chochote cha kujenga nyama. Kifua kikiuma au ukiona kizunguzungu, unaacha na unakuja. Ukirudi ukafika mara kumi kwenye korido, nitakulaza mwenyewe. Usipofika, tutakaa tena tutafute njia nyingine. Sitakudanganya, njia nyingine si nzuri kama hii."

"Mgonjwa atembezwe?" alisema seremala. "Daktari, mama yangu ana miaka sabini na moja."

"Nimesoma," alisema daktari. "Ndiyo maana nimesema wiki nne, sikusema mbili."

*

"Wanataka kumuua," alisema seremala nyumbani, akimwambia mkewe kana kwamba Mama hayupo, ingawa Mama alikuwa mbele yao, juu ya kiti chake kirefu kama hakimu.

Mkewe, keshia katika duka la vyombo, alikuwa anavua viatu. "Daktari kasema hivyo?"

"Kasema atembee. Mtu hali vizuri, damu inampungua, eti atembee."

"Mimi niko hapa," alisema Mama. "Ukitaka kunisengenya toka nje kama watu wengine."

Mkwewe akaangalia pembeni asicheke.

"Nataka kiti hiki kipunguzwe," Mama akaendelea. "Kifike arobaini na tano. Na hayo magogo ya kitanda yatoke."

"Hapana."

"Hapana?"

"Mama, leo umenishikia ukuta mbele za watu. Ukianguka humu ndani, watu watasemaje?"

"Watasema mama yake kaanguka. Watanikuta chini, wataniinua. Kwani wewe mdogo ulianguka mara ngapi, nilikuwekea magogo?"

"Mimi nilikuwa na mwaka mmoja!"

"Na mimi nina wiki nne."

Seremala alitoka kwenda kwenye banda lake nyuma ya nyumba, na randa ikaanza kulia, ikilia kwa hasira, maranda yakirukia mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Tangu siku ile walipotamkiwa neno uvimbe, alikuwa anaamka mapema na kuzunguka nyumba akitafuta kitu cha kutengeneza. Alikuwa ameweka mshikio ukutani chooni, kibao cha dawa kando ya kitanda, kengele ya kumwitia mkewe. Kila Mama alipojaribu kuinama, palikuwa na kitu kilichokwisha kuinuliwa.

*

Kesho yake, seremala akiwa amekwenda kupachika milango kwa mteja na mkwe akiwa kazini, Mama alikilaza kiti chake chali juu ya mkeka. Akaenda bandani, akatafuta msumeno. Alichukua ule mdogo, kwa sababu mkubwa alijua ungemshinda, na tepu ya kupimia. Akapima sentimita kumi na tano kwenye kila mguu, akachora mstari kwa penseli, akaketi juu ya kigoda na kuanza.

Mbao ilikuwa ngumu kweli, kama alivyojisifu mwenye kazi. Mguu wa kwanza ulimchukua karibu saa nzima. Alikata akapumzika, akakata akapumzika. Jasho lilimtoka mpaka shingoni, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi lilikuwa jasho la kazi, si la homa. Akiwa kwenye mguu wa nne, jirani wa mlango wa pili akachungulia dirishani.

"Mama Toroli! Unafanya nini?"

"Nakata kiti."

"Mwanao anajua?"

"Atajua akikikalia."

Jirani hakusubiri. Alipiga simu hapo hapo, mbele ya dirisha, kwa sauti ya kusikika na wasiohusika. Seremala alipofika, bisibisi ingali mfukoni, alimkuta mama yake ameketi kwenye kiti katikati ya chumba. Vipande vinne vya mbao vilikuwa vimepangwa sakafuni. Kila alipohema, kiti kiligonga: ko, ko.

"Mama!"

"Kinacheza kidogo."

Seremala alifungua kinywa. Mama aliona hasira inapanda, imefika shingoni, imefika usoni. Halafu macho ya mwanawe yakashuka kwenye miguu ya kiti, yakabaki huko. Kiti kiligonga tena. Ko. Ule mguu wa nyuma ulikuwa umekatwa mshazari, kama muwa.

"Umekata na msumeno wa plaiwudi," alisema taratibu.

"Ndio niliouweza."

Seremala alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ule mkato. Kisha akasema, "Inuka." Akakipeleka kiti bandani. Alipokirudisha kilikuwa kimetulia kama jiwe, miguu yote sawa, kingo zimepigwa msasa. Ili kuusawazisha ule mguu mfupi alikuwa amelazimika kuipunguza mingine yote.

Mama akapima kwa tepu. "Arobaini na mbili."

"Usiniambie kitu."

"Sijakuambia. Nasoma namba."

*

Wiki ya kwanza alitembea kutoka mlangoni hadi kwa kinyozi na kurudi. Ya pili akafika kwenye bomba la maji. Alivaa raba za mkwewe zilizojazwa karatasi mbele, na kitambaa cha jasho mkononi. Kinyozi alikuwa akimwona kila asubuhi, na kila asubuhi alikuwa na neno.

"Mama, unamkimbiza nani?"

"Kilichoko tumboni."

"Utakishika?"

"Kikinisubiri."

Kinyozi alicheka. Lakini jirani wa mlango wa pili hakucheka. Alimfuata mkwe kazini kwenye duka la vyombo, mbele ya foleni ya wateja, akamuuliza kwa huruma kubwa ni kweli wanamtembeza mgonjwa juani ili afe mapema wapangishe chumba. Mkwe alirudi nyumbani macho mekundu, akaeleza yaliyotokea. Mama hakumwambia anyamaze wala avumilie. Alifunga kamba za raba, akatoka, akabisha mlango wa pili.

"Nimesikia unanihurumia."

"Aa, Mama Toroli, mimi nilisema tu…"

"Nikifa kwa kutembea, nitakuwa nimekufa mimi. Nikifa kwa kulala, utakuja kunililia na kusema nilikuwa nimepumzika. Sitaki kilio chako. Kama una huruma vaa viatu, tutembee."

Jirani aliguna, akasema ana nguo kwenye ndoo. Mama akamwambia nguo anazijua, zitasubiri. Jirani hakuvaa viatu siku ile wala nyingine yoyote. Lakini dukani hakurudi kusema.

Siku ya kumi na sita mambo yaliharibika. Mama aliamka hana hamu ya chakula, akatembea hivyo hivyo, na alipofika bombani miguu ikamlegea, akapiga magoti kwenye tope mbele ya watu waliojipanga na madumu. Hakuumia. Kizunguzungu hakikuwepo, kifua hakikuuma. Miguu tu ilikataa. Wanawake wawili wakamrudisha, kila mmoja ameshika mkono, na mmoja akawa anamsafisha magoti kwa kanga yake kama anamsafisha mtoto. Alilala mchana kutwa. Jioni alipotoka kuoga na kutaka kukaa kitandani, alikikuta kitanda kimemngoja juu. Magogo, yaliyokuwa yametolewa siku ile ya kiti, yamerudi.

"Nani karudisha haya?"

Seremala alikuwa amesimama kwenye kona ya chumba. "Mama, basi. Umejaribu, watu wameona. Basi."

"Yatoe."

"Sitoi."

Mama akajitupa chini, akakaa sakafuni, mgongo umeegemea gogo. "Basi nitalala hapa."

Mwanawe naye akashuka, akakaa sakafuni mkabala naye, magoti yamepanda, mikono mikubwa imelala juu yake haina kazi.

"Daktari ana kisu," alisema. "Yule mwingine ana dawa za usingizi. Yule bwana mnene ana saa. Mke wangu anakupikia. Mimi nina nini? Nina mbao. Nikikuona unahema, mama, nasikia kama ni mimi ninayekubana koo. Nikikuinulia kitu, angalau nimefanya kitu."

Mama hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amemchukulia kama mlinzi wa gereza. Akalipanga kichwani.

"Kuhema si kufa," alisema. "Nilihema miaka ishirini na sita kwenye korido ile, nikakulisha kwa kuhema. Unataka kazi?"

"Nataka."

"Chukua tepu. Kesho nipimie mita thelathini hapo nje, kamili. Mimi nahesabu kwa bomba na kinyozi. Sijui nimekwenda mara ngapi wala nimebakiza ngapi. Unipimie, uweke alama, ushike saa. Ukiniona nimesimama, usinishike. Uandike."

Asubuhi seremala alipima. Alipima mara tatu, kwa kuwa mara ya kwanza kamba ya kupimia ilikuwa imelegea, na ya pili ardhi ilikuwa na bonde. Alipigilia vigingi viwili na kuvipaka chokaa. Kinyozi alipomwambia sentimita mbili hazina maana, alimjibu kwamba yeye huwa hamwambii namna ya kunyoa.

Kuanzia siku hiyo walikuwa wawili. Mama alitembea, mwanawe akatembea kwa macho. Siku ya kwanza: saba na nusu. Baada ya siku tano: nane na robo. Mikono ya seremala ilitoka kwenda mbele kila Mama aliposimama kupumua, akairudisha kwa kushika kalamu. Kwenye kiti cha arobaini na mbili aliinuka mara nane, kisha tisa, akitukana kwa sauti ya chini matusi ya chumba cha kufulia ambayo mkwewe hakuwahi kuyasikia.

*

Getini hospitali mhudumu alileta kiti cha magurudumu. Seremala ndiye aliyemwambia, "Anatembea."

Koni ziliwekwa. Bwana wa mazoezi akamtazama kuanzia raba hadi kichwani.

"Uko tayari, mama?"

"Wewe mwenyewe umewahi kufanya hiki kipimo?"

"Mimi sipasuliwi, mama."

"Bado," alisema Mama, akaanza.

Mbili za kwanza zilikuwa nyepesi, na hilo lilimtia hofu, akapunguza mwendo. Nne. Tano. Kwenye ya sita pumzi ilianza kukwaruza. Kwenye ya saba aliupita ukuta ule aliokuwa ameushika, hakuutazama. Ya nane, dobi kijana akatokea kwenye kona na toroli limejaa mashuka, amelishika katikati kabisa ya njia.

"Kushoto!" Mama alifoka bila kusimama. "Toroli hupita kushoto! Nilikufundisha nini?"

Toroli likaenda kushoto, likagonga ukuta. Tisa.

"Dakika moja imebaki," alisema bwana wa mazoezi.

Magoti yaliwaka moto. Koni ya mwisho ilikuwa ndogo, nyekundu, mbali kama mtu unayemdai. Mwanawe alikuwa upande ule, mgongo umebanwa ukutani, midomo inahesabu. Hakusogea. Mama alimwona hasogei, na akajua inamgharimu nini. Akaigusa koni, akageuka, akapiga hatua nyingine, na nyingine, mpaka saa ikalia.

Bwana wa mazoezi alipima kwa kamba yake. "Kumi. Na mita tano."

"Pima vizuri," alisema seremala. "Kamba yako imelegea."

*

Walimpasua Jumanne. Uvimbe ulitoka, na kipande cha utumbo pamoja nao. Mpasuaji akasema wanapeleka kupimwa, majibu yatachukua wiki mbili, na kwamba alichokiona kwa macho kimempa moyo. Zaidi ya hapo hakuahidi, na Mama hakumlazimisha.

Jumatano asubuhi nesi alikuja, akashusha kitanda, akakunjua shuka. Mama alikuwa na mrija wa maji mkononi, mwingine ubavuni, na tumbo lililokuwa linaongea kila alipopumua.

"Tunaamka," alisema nesi.

Seremala aliyekuwa amekaa kando aliruka. "Jana! Jana tu amepasuliwa!"

"Ndiyo. Na leo anasimama. Kifua kikilala, kinajaa."

"Dada, angalia mishono ile…"

"Nyamaza," alisema Mama. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake. Aliigeuza miguu polepole mpaka ikaning'inia, ikagusa sakafu. Baridi. Maumivu yakamjia kama maji yanayochemka yaliyomwagwa. Akafumba macho, akayaacha yapite, akafumbua. Mkono wa mwanawe ulikuwa mbele ya uso wake, umefunguka, kiganja kimejaa sugu.

"Toa," alisema.

Seremala aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akauweka nyuma ya mgongo, akaushika kwa mkono wa pili, akaukaza.

Mama alisimama. Alisimama ameinama kidogo, kiganja cha nesi kikiwa karibu na kiwiko chake bila kukigusa, gauni la hospitali likiwa wazi nyuma na yeye asijali. Alihesabu pumzi nne. Kisha akaangalia mlangoni.

"Leo ni kusimama tu, mama," alisema nesi. "Kutembea kesho."

"Mlango uko hatua ngapi?"

"Mama…"

"Nimeuliza hatua."

"Sita," alisema mwanawe, aliyekuwa ameshapima kwa macho.

Nesi aliwatazama, huyu na huyu, akapumua, akauvuta karibu ule mti wa kutundikia chupa ya maji. Mama akainua mguu wa kulia.